Neno 'kumbukumbu' linavyotuchanganya kwenye tarakilishi

NENO "kumbukumbu" limebebeshwa mzigo mkubwa katika Kiswahili. Ni jambo linalobaki akilini baada ya kupita. Ni kitu kinachowekwa ili mtu au tukio lisisahaulike. Ni maandishi pia, ndiyo maana katibu wa chama husimama na kusoma kumbukumbu za mkutano uliopita. Tarakilishi ilipofika, nayo ikatwikwa neno hilo hilo: sehemu ya mashine ambamo data hukaa wakati kazi ikiendelea ikaitwa kumbukumbu.

Mitaani mambo yamevurugika zaidi. Mkazi wa Matasia ambaye simu yake imekataa kupokea picha atasema, "memori imejaa." Jirani yake ambaye tarakilishi yake inajikokota kama gari lililokwama kwenye matope naye atasema, "memori imejaa." Wa kwanza anazungumzia hifadhi ya kudumu. Wa pili anazungumzia nafasi ya kufanyia kazi. Ni vitu viwili, neno moja.

Mtu anaweza kuuliza: kuna ubaya gani? Watu si wanaelewana? Ubaya upo. Ukitoka Ngong ukielekea Kiserian kupitia Matasia, utapita shule, zahanati, maduka ya jumla na ofisi za vyama vya akiba na mikopo. Katika nyingi ya ofisi za aina hii nchini, rekodi zote hukaa kwenye mashine moja iliyowekwa chini ya meza. Anayeitunza hufanya maamuzi kwa kusoma maneno kwenye skrini, na neno likipotosha, uamuzi nao hupotoka. Katika makala haya nitaeleza jinsi mfumo endeshi na hifadhidata zinavyogawana kumbukumbu, nikipima njiani ni istilahi zipi zinatufaa.

Meza na chumba cha mafaili

Tuanze na majina. Mfumo endeshi ni programu kuu inayosimamia mashine yote, kwa mfano Linux au Windows. Hifadhidata, ambayo wenzetu wa Tanzania huiita kanzidata (na "kanzi" ni hazina), ni programu inayotunza rekodi kwa mpangilio na kuzitoa zinapoombwa. Diski ni mahali pa kudumu. Kumbukumbu ni mahali pa muda. Hapa pana kinaya: sehemu tuliyoiita kumbukumbu ndiyo inayosahau kila kitu stima zikipotea.

Sasa fikiria masjala ya ardhi. Ploti nyingi za Matasia zina nambari zinazoanza na "Ngong/Ngong", na kila ploti ina faili yake. Faili zimepangwa katika chumba cha nyuma. Mbele kuna meza. Ukija kuulizia ploti yako, karani huenda chumbani, hutoa nakala ya faili, huiweka mezani na kukuhudumia. Chumba ndicho diski. Meza ndizo kumbukumbu.

Tofauti ya kasi kati ya viwili hivi ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kusoma kitu kilicho kwenye kumbukumbu huchukua takribani nanosekunde 100. Kukisoma kwenye diski ya kisasa isiyozunguka huchukua takribani mikrosekunde 100, na kwenye diski ya zamani inayozunguka takribani milisekunde 10. Tuvigeuze viwe vipimo vya masjala. Kama kuchukua faili iliyo mezani kungechukua dakika moja, kuitoa kwenye diski ya kisasa kungechukua karibu saa 17, na kuitoa kwenye diski ya zamani kungechukua siku 69.

Kwa hiyo mkuu wa masjala, yaani mfumo endeshi, ameweka desturi ya busara. Nakala ikishaletwa, hairudishwi wala haitupwi mara moja. Huachwa kwenye meza yoyote isiyotumiwa, kwa sababu huenda ikaulizwa tena. Mtu mwingine akihitaji meza ya kufanyia kazi, mkuu huondoa nakala ambazo hazijaguswa kwa muda mrefu na kumpa nafasi. Hakuna hasara, maana ni nakala. Faili yenyewe iko chumbani.

Jina lililotanguliwa na mtumwa

Nakala hizo zilizoachwa mezani ndizo Waingereza huziita "cache", nasi tumeanza kuandika "kache". Historia ya neno hili inaonyesha kwamba hata wao walitapatapa. Mwaka 1965, mwanasayansi wa Uingereza Maurice Wilkes alieleza wazo la kuweka kumbukumbu ndogo ya kasi karibu na kitovu cha mashine, akaiita kumbukumbu mtumwa. Mwaka 1968, makala za jarida la kampuni ya IBM kuhusu mashine ya System/360 Model 85 zilitumia neno "cache", lenye asili ya kitenzi cha Kifaransa cha kuficha. Jina la mtumwa likafifia, la maficho likashika. Baadaye wazo lilelile likapanuka kutoka kitovu cha mashine hadi kwenye diski.

Sisi je, tuite nini? Wapo wanaopenda "akiba". Nina shaka nalo. Akiba kwa Mswahili ni kitu kinachowekwa kando kwa ajili ya kesho, na ikipotea mtu hulia. Kache ikipotea halii mtu; mashine itapunguza kasi kidogo hadi nakala ziletwe upya. "Maficho" nayo yanaleta picha ya mwizi. Kwangu mimi, sifa kuu ya kache ya diski ni kwamba inakaa mahali pa kuazima. Tena Kiswahili hutofautisha kuazima na kukopa. Ukikopa shilingi mia, utarudisha shilingi mia nyingine. Ukiazima jembe, utarudisha jembe lilelile, na mwenyewe anaweza kulidai wakati wowote. Kache imeazima meza. Mwenye kuihitaji akija, meza hurudishwa papo hapo. Kwa hiyo neno kache na libaki, lakini tunapoeleza tuseme ni kumbukumbu ya kuazima.

Tupu, wazi, inayopatikana

Neno "free" la Kiingereza lina maana tatu ambazo Kiswahili huzitenganisha bila shida: huru, bure na tupu. Kwenye Linux kuna amri yenye jina hilo hilo ambayo huonyesha hali ya kumbukumbu. Tuseme mashine ya ofisi ina gigabaiti 16. Programu zinatumia 5, kache imeazima 10, na safu ya "free" inaonyesha 1 tu. Fundi anayesoma kwa haraka hushtuka: ati mashine imebakisha gigabaiti moja! Atamshauri mwenye ofisi anunue kumbukumbu zaidi, au ataandika amri ya kufuta kache kila usiku. Ushauri wa kwanza unakula pesa bure. Wa pili unamlazimisha karani kurudi chumbani kila asubuhi kuleta upya nakala zilezile.

Kosa lote limezaliwa na neno moja. Safu ile haimaanishi kumbukumbu unayoweza kutumia. Inamaanisha kumbukumbu tupu, isiyo na kitu chochote ndani. Kumbukumbu tupu haina faida kwa mtu. Hakuna mkazi wa Matasia anayenunua tangi la lita 10,000 ili mvua ikinyesha libaki tupu.

Wahandisi wa Linux waliliona tatizo hili. Mwezi Machi 2014, toleo la 3.14 lilileta kipimo kipya kiitwacho "available", yaani kumbukumbu inayopatikana: makadirio ya kiasi ambacho programu mpya inaweza kupewa bila mashine kuanza kusukuma kazi zake diskini. Hapo awali watu walikuwa wakijumlisha wenyewe safu ya kumbukumbu tupu na ya kache, nao walikosea, kwa sababu si kila kilichohesabiwa kama kache kinaweza kurudishwa. Kwa mfano, kumbukumbu ya pamoja ambayo hifadhidata ya PostgreSQL hujitengea kwa kawaida huhesabiwa na Linux ndani ya kache, ilhali hiyo si ya kuazima hata kidogo.

Kwa hiyo hata wenye lugha yao ilibidi waongeze neno. Nasi tukiandika mwongozo au kufundisha, tusitafsiri safu zote mbili kwa neno moja la "wazi". Moja ni tupu. Nyingine ni inayopatikana.

Mafahali wawili zizini

Kufikia hapa mkuu wa masjala anaonekana hana dosari. Kwa nini basi hifadhidata hukataa kumwachia kazi yote?

Swali hili ni la zamani. Mwaka 1981, Michael Stonebraker wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliyekuwa ameongoza ujenzi wa hifadhidata ya Ingres, alichapisha makala katika jarida la Communications of the ACM akionyesha kwamba huduma nyingi za mfumo endeshi, ikiwamo kache yake, haziifai hifadhidata. Stonebraker baadaye alianzisha mradi uliozaa PostgreSQL, na alipewa Tuzo ya Turing ya mwaka 2014.

Hoja za aina hii zinaeleweka ukirudi masjala. Kwanza, karani mzoefu anajua nini kitafuata. Mtu akiulizia ploti yake, karani anajua kwamba ataombwa pia ramani na rekodi ya mikopo. Mkuu wa masjala, anayehudumia kila aina ya wageni, haoni isipokuwa karatasi. Pili, karani anajua ni nini kisichofaa kubaki mezani. Mwisho wa mwezi mkaguzi huja kupitia faili zote, moja baada ya nyingine. Kila nakala ikiachwa mezani, nakala zinazoulizwa kila siku zitafukuzwa na zile ambazo hazitaguswa tena hadi mwezi ujao. PostgreSQL huzuia hilo kwa kusomea jedwali kubwa katika kieneo kidogo kinachotumiwa tena na tena. Tatu, karani anajua lipi lazima liandikwe kwanza. Hili la tatu nitalirudia, maana ndilo lenye uzito zaidi.

Kwa sababu hizo, hifadhidata hujitengea meza zake yenyewe. Hii si kumbukumbu ya kuazima. Ni kumbukumbu inayomilikiwa. Hapo ndipo mafahali wawili hukutana katika zizi moja. Rekodi ikiombwa, mfumo endeshi huileta kutoka diskini na kuweka nakala kwenye kache yake. Kisha hifadhidata huichukua na kuweka nakala nyingine kwenye meza yake. Rekodi ile ile inakaa mara mbili, na nafasi inaliwa mara mbili.

Kila hifadhidata imetafuta suluhu yake. PostgreSQL kwa kawaida hukubali kuishi na mfumo endeshi: mwongozo wake hupendekeza kuanzia kwenye asilimia 25 ya kumbukumbu yote, na huonya kwamba kupita asilimia 40 hakuelekei kuleta faida, maana inategemea kache ya mfumo endeshi kufanya sehemu iliyobaki ya kazi. MySQL, kupitia injini yake ya InnoDB, huweza kuusoma diski moja kwa moja bila kupitia kache ya mfumo endeshi, na mwongozo wake husema kwamba kwenye mashine isiyo na kazi nyingine mara nyingi hupewa hadi asilimia 80. MongoDB hapo awali iliuachia mfumo endeshi shughuli hii karibu yote. Kuanzia toleo la 3.2, lililotoka Desemba 2015, ilichukua kawaida ya kujitengea meza zake, takribani nusu ya kumbukumbu.

Ndiyo maana ushauri wa mitaani wa "ipe hifadhidata memori yote" ni wa hatari. Anayechukua asilimia 80 iliyoandikwa kwa ajili ya MySQL na kuitumia kwenye PostgreSQL hujaza mashine nakala pacha. Na mashine ikiishiwa kabisa, Linux huchagua programu moja na kuiua ili nyingine zipumue. Kwa kawaida huchagua ile iliyokalia kumbukumbu nyingi zaidi. Katika mashine ya ofisi, hiyo mara nyingi huwa ni hifadhidata yenyewe.

Ukurasa wenye deni

Mpaka sasa tumezungumzia kusoma. Kuandika ndiko kwenye roho ya jambo.

Karani akibadilisha jina la mwenye ploti, hubadilisha kwanza nakala iliyo mezani. Faili ya chumbani bado ina jina la zamani. Mifumo endeshi hufanya vivyo hivyo: mabadiliko hukaa kwenye kumbukumbu kwa muda kabla ya kupelekwa diskini, na kwa mpangilio wa kawaida wa Linux muda huo unaweza kufika sekunde 30 hivi. Kiingereza huita kipande hicho cha kumbukumbu ukurasa mchafu. Tafsiri hiyo ya neno kwa neno inamfanya msomaji afikirie kitu cha kusafishwa au kutupwa, ilhali ndicho kitu pekee kwenye kache ambacho hakipaswi kutupwa. Napendekeza tuuite ukurasa wenye deni. Umepokea kitu ambacho haujakilipa diskini.

Sasa stima zipotee kabla ya deni kulipwa, jambo ambalo wakazi wa Kajiado hawahitaji kuelezewa. Kilichokuwa kwenye kumbukumbu kimekwenda. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo: rekodi iliyofunikwa na kumbukumbu ya kuazima peke yake haijafunikwa.

Dawa ya hifadhidata ni ya kale kama biashara yenyewe. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kukujibu kwamba muamala umekamilika, hifadhidata huandika kwanza badiliko hilo kwenye daftari la miamala, kisha huamuru mfumo endeshi ulisukume daftari hadi diskini na kusubiri jibu. Jibu likija, wewe huambiwa "tayari". Stima zikipotea, hifadhidata ikiamka husoma daftari na kuyarudia yaliyokuwa na deni. Hapa ndipo inapoonekana kwa nini karani lazima ajue lipi liandikwe kwanza: daftari lazima lifike diskini kabla ya faili yenyewe.

Hata hivyo, mpango wote unategemea mfumo endeshi kusema ukweli. Mwaka 2018, watunzaji wa PostgreSQL walitambua jambo lililowashtua. Diski ikishindwa kuandika, Linux ilitoa taarifa ya kosa mara moja, kisha iliweza kuuhesabu ukurasa ule kuwa hauna deni tena. Hifadhidata ikiamuru mara ya pili, ilijibiwa kwamba mambo ni sawa, ilhali data haikuwa imefika popote. Kwa miaka mingi pande mbili zilikuwa zimetumia neno moja, "imeandikwa", kila upande ukiwa na maana yake. Matoleo ya Februari 2019 ya PostgreSQL yalibadilisha mwenendo: kosa kama hilo likitokea, hifadhidata hujizima na kuanza upya kwa kusoma daftari, badala ya kuamini jibu la pili.

Maneno yanayolinda mali

Mfumo wa Ardhisasa ulizinduliwa Nairobi mwezi Aprili 2021, na mwelekeo wa nchi ni kuhamisha rekodi za ardhi kutoka kwenye mafaili hadi kwenye hifadhidata. M-Pesa imekuwa hai tangu Machi 2007. Ploti, karo, dawa na akiba zetu zinaingia humo. Hatuwezi kuendelea kusema kwamba lugha hii ni ya mashairi na siasa tu, halafu mambo yanayolinda mali ya watu tukayaachia lugha nyingine.

Msomaji aliye na mashine ya rekodi ofisini anaweza kuanza na maswali matatu, akamuuliza fundi wake kwa Kiswahili. Kumbukumbu inayopatikana ni kiasi gani, wala si iliyo tupu? Hifadhidata inamiliki kiasi gani, na kiasi gani kimeachwa cha kuazima? Stima zikipotea sasa hivi, ni miamala ipi iliyokwisha kuandikwa kwenye daftari lililo diskini? Fundi anayejua kazi yake atajibu yote matatu bila kusema "memori imejaa".